Plau la Bi Mkubwa

Njia nzima kutoka nyumbani mguu wangu wa kushoto ulikaa juu ya klachi ya trekta. Sikuikanyaga, niliutega tu mguu, tayari. Ulikufa ganzi kabla hatujafika nusu ya safari, na bado sikuthubutu kuutoa. Baba alikuwa ameketi juu ya madigadi, bati la kufunika gurudumu, kando yangu, fimbo katikati ya magoti, akipokea salamu za wapita njia kama bwana harusi.

"Ongeza mafuta kidogo," alisema. "Mpaka kuku wanatupita."

"Barabara ina mashimo, Baba."

"Barabara hii ina mashimo tangu mimi sijazaliwa. Ongeza."

Niliongeza, kidogo, halafu alipogeuka kumsalimia mtu mwingine nikapunguza tena.

Trekta letu tunaliita Bi Mkubwa. Lilifika nyumbani miaka miwili kabla ya Mama, na hadi leo Mama husema aliolewa mke wa pili bila kuambiwa. Ni trekta dogo la zamani, la silinda mbili, na rangi yake ya kwanza hakuna tena anayeikumbuka. Kiti ni kimoja, cha bati lililotobolewa matundu. Halina mikono ya kunyanyua plau kama matrekta ya siku hizi. Lina chuma kimoja tu nyuma, na chochote unachotaka livute unakifunga hapo. Miezi minane iliyopita Bi Mkubwa alisimama kwa magurudumu ya nyuma katikati ya shamba, akamtupa Baba chini, kisha akamlalia mguu.

Nilikuwepo. Nilikuwa hatua thelathini, nimebeba maji ya kunywa.

Sasa mvua zilikuwa karibu na plau la zamani lilikuwa limepinda siku ile ile. Tulikuwa tunakwenda kuchagua jingine. Mimi nilijua jambo moja ambalo Baba hakulijua, na kwa kuwa hakulijua, alikuwa anakwenda kuchagua plau ambalo lingemuua.

Yadi tuliyokuwa tukienda ni ya mwanamke anayeitwa Mama Vyuma. Geti lake limetengenezwa kwa milango ya nyuma ya lori. Ndani, giaboksi zimepangwa chini kama vyungu vya kuuzwa, minyororo imening'inizwa kwa unene wake, mwembamba kwanza, mnene mwisho, na kila mahali kuna ile harufu ya kutu na oili kuukuu inayokukaa kooni. Mwenyewe alitoka amevaa ovaroli, miwani yake imefungwa kwa waya sikioni, mkononi kikombe kitupu.

"Karibu, shemeji. Nilisikia umelala na Bi Mkubwa ukaamka na mguu mmoja."

"Miguu ninayo yote," Baba alisema. "Mmoja umegoma tu."

"Na huyu dereva?"

"Binti yangu."

"Anaendesha kama amebeba mayai. Nimewasikia tangu kona ile. Nimemimina chai, nimeisubiri ipoe, nimekunywa, nimemaliza, ndiyo mnaingia."

Baba alicheka. Mimi nilikuwa natafuta namna ya kushuka bila mguu ule wa ganzi kuniangusha mbele ya watu.

"Sheria za hapa unazijua," Mama Vyuma aliendelea. "Plau halitoki getini kabla halijalima mistari mitatu kwenye kiwanja changu cha nyuma, na trekta lako mwenyewe, nikiwa natazama. Mimi siozi binti kwa mume nisiyemwona akifanya kazi."

"Ndiyo maana tumemleta mume."

"Mume mwenyewe anavuja oili."

"Wewe hukuvuja ulipofika umri huo?"

"Ninavuja, lakini nimejifunika."

Waliendelea hivyo huku wakitembea kati ya vyuma, Baba akiuvuta mguu wake wa kushoto kama mzigo wa mtu mwingine. Niliwafuata. Nilikuwa nimejiandaa wiki nzima kwa maneno ya kusema mahali hapa, na yote yalikuwa yamenitoka kichwani.

Kulikuwa na maplau matatu. La kwanza lilikuwa la diski, lakini linahitaji mikono ya kunyanyulia, na Bi Mkubwa hana mikono, kwa hiyo hatukusimama hapo. La pili lilikuwa limeegemezwa ukutani chini ya mabati, dogo, la bapa moja la kukatia udongo, limejaa kutu na utando wa buibui. Mama Vyuma aliligusa kwa ncha ya kiatu. "Hili naliita Yatima. Miaka mitatu hakuna aliyelitaka. Lakini chuma chake ni kizuri, na kwa trekta la ukubwa huo ndilo saizi yake."

Baba hakulitazama mara mbili. Alikuwa ameshaliona la tatu.

La tatu lilisimama peke yake katikati ya yadi. Mabapa mawili, mapana, chuma kizito cheusi, magurudumu yake yanafika kiunoni. Mkono wa kuvutia ulikuwa mnene kama paja langu.

"Hilo ni Dume," Mama Vyuma alisema, sauti yake ikiwa na tahadhari kidogo. "Lilikuwa likivutwa na trekta mara mbili ya hilo lako."

"Liko wapi tundu la kijiti?"

"Mwenye nalo wa kwanza aliliziba. Alipitisha nondo ya chuma, akaichomelea. Alisema amechoka kushuka."

Baba aliinama akapitisha kiganja juu ya ile nondo iliyochomelewa, taratibu, kama anayempima mgonjwa homa. "Hapa," alisema. "Hapa ndipo penyewe."

Nilianza kutafuta kasoro kwenye plau lile.

Plau la kuvutwa, kwa asiyelijua, hufungwa kwa trekta kwa chuma, lakini mahali fulani kati ya chuma na chuma hupita kijiti cha mti laini, unene wa kidole gumba. Plau likinasa kwenye kisiki, kijiti kinakatika, plau linabaki nyuma na trekta linakwenda zake. Kijiti kisipokatika, injini inaendelea kusukuma, magurudumu ya nyuma yanakosa pa kwenda, na kinachobaki ni pua ya trekta kupanda juu. Kazi ya kijiti ni kufa. Baba alikuwa akivichonga mwenyewe, akikaa mlangoni na kisu, akivijaribu kimoja kimoja kwa ukucha wa dole gumba. Ukucha ukiacha alama, kijiti kinafaa. Usipoacha, kinakwenda jikoni kuwa kuni.

Msimu uliopita tulifungua kipande kipya chenye mizizi mingi. Siku ya kwanza vilikatika vijiti kumi na kimoja. Kila mara Baba ashuke, azunguke, agonge vipande vitoke, aweke kingine, apande tena. Nilimwona anavyoshika kiuno. Nyumbani nilichukua mpini wa shoka uliovunjika, mti mgumu kuliko yote tuliyokuwa nayo, nikaukata, nikauchonga, nikaupiga msasa, nikaupaka oili chafu ufanane na wenzake. Asubuhi nikamwambia, "Kaa tu, Baba. Leo vijiti naweka mimi." Akafurahi. Akasema nimekua.

Kijiti changu kilidumu tangu alfajiri hadi saa nne. Alinipungia mkono kutoka kitini, mtu asiyeshuka. Ndipo plau likanasa.

Watu walipomtoa chini ya gurudumu na kumkimbiza hospitali, nilibaki nyuma dakika mbili. Kijiti kilikuwa kizima, kimekaa mahali pake bila hata mkwaruzo. Nilikigonga kwa jiwe mpaka kikatoka. Ndani ya kisanduku cha zana mlikuwa na vipande vya vijiti vya jana yake. Nikachukua viwili nikaviweka palepale. Sikufikiri, mikono ilijifanyia yenyewe. Baada ya hapo Baba Mdogo alikuja kuangalia, akaenda hospitali na habari: kijiti kilikatika kama kawaida, kaka, hatujui kilichotokea.

Basi Baba akalala miezi akitazama dari na kutafuta ukweli, na kitu pekee alichokuwa nacho cha kuanzia kilikuwa uongo wangu.

"Nitakueleza," alikuwa akimwambia Mama Vyuma sasa, amejiinua kwa fimbo. "Watu wanasema kijiti ni usalama. Sawa. Changu kilikatika, na ndicho kilichonimaliza. Trekta linavuta kwa nguvu zake zote, halafu ghafla nyuma hakuna kitu. Litafanya nini? Litaruka. Mtu anayevuta kamba, ukimwachia, si anaanguka?"

"Anaanguka," Mama Vyuma alikubali polepole. "Ila mimi nimeona vijiti mia vikikatika na sijaona trekta likiruka."

"Ulikuwa juu yake?"

"Sikuwa."

"Mimi nilikuwa."

Ndivyo alivyowashinda wote: daktari, Mama, Baba Mdogo. Yeye ndiye aliyekuwa juu.

"Nataka plau zito lisilokatika popote," alisema. "Limshike Bi Mkubwa kwa nyuma asiweze hata kupiga chafya."

Nilisema plau ni kubwa mno kwa injini yetu. Baba akasema gia ya kwanza itatosha. Nilisema gurudumu lake lina ufa. Mama Vyuma akapiga magoti, akavaa miwani vizuri, akaniambia ule si ufa, ni mstari wa kalibu chuma kilipomiminwa, na kama nina macho mabaya kiasi hicho amshukuru nani kwamba tumefika salama. Nikasema mvua zitachelewa labda, tusifanye haraka. Baba aliniangalia.

"Mama, una nini leo?" Huniita hivyo, kwa kuwa nimebeba jina la mama yake.

"Sina kitu."

"Basi mrudishe Bi Mkubwa nyuma tulifunge plau."

Nilimrudisha. Mama Vyuma alifunga mnyororo wa akiba, akapachika pini, akapiga nyundo mbili. Kiwanja chake cha nyuma kilikuwa shamba la miti zamani. Miti ilikatwa, visiki vikabaki vimetapakaa, vingine vimefukiwa nusu. Alichora mstari kwa kisigino chake ukipita katikati ya visiki. "Huu hauna kisiki. Mizizi sijui, mizizi haina anwani."

Baba alishika madigadi apande.

Na hapo, badala ya kusema nilichotakiwa kusema, nilisema, "Niendeshe mimi."

Nilifikiri nimepata njia. Mimi ninajua. Mguu wangu unafanya kazi. Nitaendesha mistari mitatu, nitalifanya plau lionekane baya, lizito, lisilofaa, atalikataa mwenyewe, na sitalazimika kufungua kinywa. Nilishangaa alipokubali.

"Haya. Mimi nitembee kando nione linavyokata."

Nilipanda. Kiti cha bati kilikuwa kimepata jua, kikanichoma. Niliweka gia ya kwanza, nikaachia klachi kwa uangalifu wote nilionao duniani, na Bi Mkubwa akaguna, akavuta. Dume lilizama. Nilisikia udongo ukipasuka nyuma yangu na injini ikishuka sauti, ikishuka, kama mtu anayepandisha gunia ngazini. Baba alikuwa kulia kwangu, akichechemea, macho yake chini kwenye mtaro. Hatua kumi. Hatua kumi na tano. Mikono yangu ilikuwa imelowa mpaka usukani ukateleza.

Sikusikia kitu chochote kikigonga. Nilichoona ni boneti.

Boneti ilipanda. Mbele yangu palikuwa na kiwanja, na ukuta wa yadi, na mti mmoja nyuma ya ukuta, na boneti ikaufunika ukuta, ikaufunika mti, ikabaki inaelekea angani. Hakukuwa na kelele mpya yoyote. Ilikuwa taratibu, karibu ya upole, na mgongo wangu ukalalia chuma cha kiti. Magurudumu ya mbele yalikuwa yakizunguka hewani bila kazi, niliyaona vizuri, udongo ukidondoka kutoka kwenye mipira.

Mguu ulikanyaga. Mimi sikuuambia.

Bi Mkubwa alianguka chini kwa magurudumu ya mbele, meno yangu yakagongana, nikaonja damu. Injini iliendelea kuunguruma pale pale. Nilikuwa nimeikanyaga klachi kwa miguu yote miwili na nilikuwa nimesimama.

Mama Vyuma alikuwa anakuja mbio, ovaroli ikipwaya. Lakini Baba alifika kwanza, na uso wake uling'aa.

"Umeona?" alisema. "Umeona lilivyomshika? Alitaka kuruka, Dume likamrudisha chini. Lingekuwa la kijiti sasa hivi tungekuwa tunakuokota."

Nilimtazama. Nilikuwa nimemletea ushahidi mwingine.

"Shuka," alisema. "Mistari miwili iliyobaki ni yangu."

"Baba, mguu wako."

"Wa kukanyagia nini? Plau hili halihitaji klachi. Linamshika lenyewe." Tayari alikuwa ameutupa mguu wake wa kushoto juu ya ngazi kwa mikono miwili, kama anayepakia mzigo. "Sogea."

Sikusogea. Nilivuta kitufe cha kuzimia. Injini ikakohoa, ikafa.

"Kijiti hakikukatika," nilisema.

"Kipi?"

"Siku ile. Hakikukatika. Nilikitoa mimi kwa jiwe, nikaweka vipande vya jana. Baba Mdogo aliona vipande vya jana."

Mama Vyuma, aliyekuwa amefika, alisimama. Baba alikuwa bado na mguu mmoja kwenye ngazi na mkono kwenye madigadi, uso wake chini kidogo ya wangu. Hakufanya chochote nilichokuwa nimekiogopa miezi minane. Hakupiga kelele. Aliuliza kama fundi.

"Kwa nini kisikatike?"

"Kilikuwa mpini wa shoka."

"Ule uliovunjika?"

"Ndiyo."

"Ulikichonga wewe?"

"Ndiyo. Ulikuwa unashuka sana. Nilitaka usishuke."

Aliushusha mguu kutoka kwenye ngazi, kwa mikono, taratibu. Akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya gurudumu la Dume. Alitazama mkono wake, dole gumba, kana kwamba ndilo lililokuwa zembe.

"Sikukipima," alisema. "Siku zote napima. Siku ile nilikaa."

"Mimi ndiye niliyekuambia ukae."

"Nyamaza kwanza."

Mama Vyuma alijifanya anakagua mnyororo. Nilitamani aseme utani wowote, hata mbaya.

"Miezi minane," Baba alisema hatimaye, sauti yake haina nguvu, "nimelala nikikiwaza kijiti ambacho hakikuwepo. Unajua usiku nilikuwa nafanya nini? Nilikuwa naiendesha ile siku upya. Kijiti kinakatika, napanda juu. Kijiti kinakatika, napanda juu. Nikamwomba mama yako asizime taa. Mimi, kwa umri huu." Alichimba udongo kwa ncha ya fimbo. "Nilikuwa naogopa, na nilikuwa naogopa kitu kisichokuwepo. Na leo ningekipandia cha kweli."

"Nisamehe, Baba."

Alimgeukia Mama Vyuma. "Lifungue hili. Nifungie Yatima."

"Sawa, shemeji. Na hiki chuma chenu cha kuvutia mmekifunga juu mno, tukishushe tundu moja, ndiyo maana Bi Mkubwa anapenda kuinua pua."

"Kibaki pale pale. Kila kitu kibaki kama siku ile." Kisha, bila kunitazama, "Wewe. Tafuta mti laini. Chonga."

Nilijua anachotaka kabla hajakisema: kuipanda siku ile upya, safari hii na kijiti cha kweli.

Mama Vyuma alinipa ubao wa sanduku na kisu. Nilichonga nimechuchumaa nyuma ya giaboksi, nikikata kwa haraka mno, hata cha kwanza nilikiharibu. Cha pili nilimpelekea. Alikiminya kwa ukucha wa dole gumba mwanzo, katikati, mwisho. Alikigeuza, akarudia upande wa pili. Ilichukua muda mrefu. Ukucha uliacha alama kila mahali, nusu mwezi ndogo ndogo. Kisha akanirudishia.

"Kiweke wewe."

"Baba."

"Kama siku ile. Kiweke."

Nilikiweka. Yatima lilikuwa limefungwa, kutu yake imetia mikono yangu rangi. Baba alipanda peke yake, akakataa mkono wangu na wa Mama Vyuma, akajikokota mpaka kitini. Aliubeba mguu wa kushoto akauweka juu ya klachi, akaukandamiza chini kwa mkono. Kuiachia klachi angeweza, kwa kuunyanyua mguu kwa mkono. Kuikanyaga kwa haraka, hapana. Akishaondoka, hakuna kurudi.

"Shemeji," Mama Vyuma alisema, "tuweke jiwe kitini liende lenyewe. Mawe ninayo mengi, hata yenye sura yako."

"Jiwe halijalala kitandani miezi minane."

"Basi mwache binti."

"Binti ameshasema. Amesema kijiti kikikatika trekta haliruki, ni kile cha mpini ndicho kilichonirusha. Neno lake sijui kama niliamini tena. Kama anasema kweli, hakuna kitakachonipata." Aliwasha. Moshi ulitoka. Juu ya kelele akaniita. "Nielekeze kisiki kilichoshika."

Ningeweza kumwonyesha kilichooza. Mama Vyuma alinitazama, nafikiri alikuwa akiniomba hilo hilo. Lakini hilo lingekuwa vipande vya jana tena. Nilitembea hadi kwenye kisiki kipana, cheusi, chenye mizizi iliyoingia ardhini kama vidole vya mtu aliyeshikilia, nikasimama kando yake, nikanyoosha mkono.

Baba aliunyanyua mguu.

Bi Mkubwa alikuja. Yatima lilizama vizuri, jembamba, udongo ukafunguka upande mmoja safi, na katika wakati mwingine wowote tungelisifu. Nilikuwa natazama magurudumu ya mbele tu. Nilikuwa najiuliza kama nilikichonga chembamba vya kutosha, kama ubao wa sanduku ulikuwa na fundo ndani ambalo ukucha haukulifikia. Na swali lililo baya kuliko yote lilinijia akiwa hatua tano: je, kama yeye ndiye aliyekuwa sahihi? Mimi sijawahi kuwa juu yake kijiti kikikatika. Nilikuwa na hakika ya kosa langu, basi. Mengine yote nilikuwa nimeyaamini kwa kusikia, na nilikuwa nimemweka baba yangu juu yake.

Hatua mbili. Uso wake ulikuwa umekaza, macho yamefumbwa nusu.

Bapa likaingia chini ya mzizi. Trekta likajibana, likashuka nyuma, boneti ikatikisika, gurudumu la mbele la kushoto likaachana na ardhi kwa upana wa kiganja. Nikafungua kinywa kupiga kelele.

Mlio ulikuwa mdogo, kama wa mtu anayevunja muwa. Yatima likabaki kwenye kisiki. Gurudumu likagusa chini. Bi Mkubwa akaenda mbele, hakuruka, hakushtuka, alikwenda tu, mwepesi, akimchukua Baba kuelekea ukutani kwa mwendo wa mtu aliyetua mzigo. Alikwenda hatua ishirini hivi ndipo Baba alipokumbuka kuvuta kitufe.

Nilimkimbilia. Alikuwa amekaa wima, akitazama ukuta, mikono yote miwili kwenye usukani. Nilimwambia ashuke. Hakushuka. Nikaona vifundo vya vidole vyake vimekakamaa na mikono haitaki kuachia. Nilianza kuvifungua kimoja kimoja, nikianzia kidole kidogo, naye aliniacha nifanye hivyo kama mtoto anayevuliwa shati.

"Halikuruka," alisema.

"Halikuruka, Baba."

"Nilifumba macho. Usimwambie huyu mwanamke."

"Nimeona," Mama Vyuma alisema nyuma yetu, akihema. "Na mimi nilifumba. Shemeji, plau umepata. Ukirudi tena na majaribio yako nitakufungia geti."

Tulimshusha sisi wawili. Safari hii hakukataa mkono wangu. Mama Vyuma alishusha chuma cha kuvutia tundu moja bila kuomba ruhusa, akatufungia Yatima kwa safari, akanipa ubao mzima wa sanduku niende nao. Baba alikaa tena kwenye madigadi. Nikauweka mguu wangu juu ya klachi, kama nilivyokuja nao.

Tulikuwa tumeshatoka getini, tumepita kona, ndipo alipozungumza.

"Mimi nimesikia," alisema. "Nitakaa nalo. Sijui litachukua siku ngapi, usiniulize."

"Sawa, Baba."

"Lakini mama yako sitamwambia mimi. Amenilisha kwa kijiko, amenigeuza kitandani, amemlaani Bi Mkubwa wa watu kila siku. Utamwambia wewe. Leo, tukifika, kabla hujanawa hiyo kutu."

Nilimfikiria Mama, amesimama mlangoni, mkono kiunoni, akitusikiliza tunavyokuja. Nikapunguza mafuta.

Baba aliona. Safari hii hakusema niongeze.